Aibu ya Aprili, Kazi ya Septemba

Mwanzoni mwa Agosti mpwa wangu alinipigia simu kutoka Columbus, Ohio. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia amepata barua. Chama cha wenye nyumba wa mtaa wake kilimwandikia kwamba nyasi za mbele ya nyumba yake zina mapengo, kikampa siku thelathini ayazibe. Nyumba yenyewe ndiyo kwanza ameinunua. Wakati tunaongea alikuwa tayari dukani, mbele ya rundo la mifuko ya mbegu.

"Mjomba, niambie tu nichukue upi. Jumamosi nataka nimwage."

Nilimwambia atoke dukani mikono mitupu. Alicheka akidhani ni utani, lakini anajua kwamba katika miaka ya 2010 niliishi mji huo huo nikifanya kazi katika kampuni ndogo ya kutunza bustani za watu: kukata nyasi, kuzoa majani, na kila mwaka kiangazi kinapoisha, kurudishia mbegu palipokufa. Barua ile ilinirudisha kwenye kazi hiyo, hasa kwenye jambo moja ambalo wateja walinifundisha bila kukusudia. Kilichokuwa kikiwatoa fedha mfukoni mara nyingi hakikuwa ukame wala baridi. Ilikuwa aibu. Na aibu ina kalenda yake, nyasi zina ya kwao.

Kalenda ya aibu huanza Aprili. Theluji ikishayeyuka, uwanja hubaki wazi mbele ya macho ya kila mpita njia, na kila doa la udongo mtupu linaonekana. Simu za ofisini kwetu zilikuwa hazikatiki. Mama mmoja mjane alitaka mbegu kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu mjukuu wake alikuwa anamaliza sekondari na sherehe, kama ilivyo desturi kule, ingefanyika nyuma ya nyumba. Mwenye kampuni akamshauri asubiri Septemba. Mama akamjibu kwamba wageni wake hawaji Septemba.

Tulipanda. Nyasi ziliota vizuri, sherehe ikafana, watu wakapiga picha. Kufikia mwisho wa Julai uwanja ulikuwa umerudi ulivyokuwa Aprili, tena na nyongeza ya magugu yanayotambaa. Sababu haikuwa siri. Nyasi iliyoota Mei hupata wiki chache tu kabla ya joto la nyuzi 30 na zaidi, na mizizi yake inakuwa haijazama. Magugu ya msimu wa joto nayo huanza kuota udongo ukifika nyuzi 13 hivi, kwa hiyo maji yote aliyomwagia nyasi changa yaliwanywesha na wapinzani wake. Mama yule hakupoteza fedha zake zote, maana sherehe aliipata. Lakini alichonunua kilikuwa pambo la siku moja, na ni vizuri mtu akajua anachonunua.

Nikajifunza kuuliza swali ambalo hata huku nyumbani nalitumia: hii nyasi inatoka wapi? Zinazotawala bustani za Ohio ni za nchi za baridi, yaani blugrasi ya Kentucky, feskyu ndefu na raigrasi ya kudumu. Hata ile yenye jina la Kentucky ililetwa na wahamiaji kutoka ng'ambo ya bahari. Mizizi yake hukua vizuri zaidi udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18. Joto likizidi husinzia na kugeuka kahawia. Ukoka wetu ni kinyume chake. Ile ambayo Wamarekani wanaiita nyasi ya Bermuda asili yake ni Afrika, hustawi jua linapochoma, na ndiyo maana mtu wa Columbus akiiona uani kwake huihesabu kuwa gugu: baridi ikianza tu, inageuka rangi ya makuti. Nyasi ya Kikuyu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, tunayoipanda kwa vipandikizi mvua zinapoanza, imo kabisa katika orodha ya serikali ya Marekani ya magugu hatari. Hakuna nyasi mbaya kwa asili yake. Ubaya huja mtu anapoilazimisha kuishi kwa saa za nchi nyingine.

Kwa nyasi za Ohio, saa yenyewe ni kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba, au mwisho wa Septemba ukichelewa sana. Wakati huo ardhi bado imehifadhi joto la kiangazi, kwa hiyo mbegu huota upesi. Hewa imepoa, hivyo mche hauungui. Asubuhi kuna umande. Magugu ya mwaka mmoja yamezeeka, na sakitu ya Oktoba itayamaliza yenyewe. Mche unapata majira mawili ya ubaridi, kabla na baada ya theluji, ya kuzamisha mizizi kabla haujakutana na Julai yake ya kwanza. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati ambao simu zetu zilipungua. Watu walikuwa wamerudi kwenye shule za watoto na mpira wa Marekani, hakuna tena aliyekaa barazani akitazama nyasi. Mwenye kampuni alikuwa akitembea nyumba hadi nyumba kuwakumbusha wateja kitu walichokuwa wakikililia miezi mitano nyuma.

Septemba ndipo nilipojifunza kwamba mbegu ni sehemu ndogo ya kazi. Siku ya kwanza tulikata nyasi fupi kuliko kawaida, kiasi cha sentimita nne au tano, tukazoa mabaki yote. Tukapiga reki kuondoa tabaka la vishina na mizizi mikavu, ambalo likizidi unene wa sentimita moja na kidogo huzuia mbegu isiguse udongo. Kisha ikaja mashine ya kutoboa ardhi. Ina mirija ya chuma inayozama na kung'oa vipande vya udongo virefu kama kidole, na kuviacha juu ya nyasi. Kazi hiyo ni muhimu sana katika mitaa mipya, kwa sababu wajenzi huondoa udongo wa juu, hupitisha magari mazito juu ya mfinyanzi uliobaki, kisha hutandika tabaka jembamba la udongo mzuri na kukabidhi funguo. Chini ya kijani kile mna sakafu.

Jioni moja mteja alipiga simu kwa hasira akidai kundi zima la mabata bukini limejisaidia mbele ya nyumba yake. Vilikuwa ni vile vipande vya udongo. Tulimwomba asivizoe, kwani mvua na mashine ya kukatia huvivunja, na udongo wake hurudi kufunika mbegu. Hakuridhika hadi wiki ya tatu, mistari ya kijani ilipoanza kuchomoza kutoka kwenye matundu yale yale. Kuanzia hapo nilielewa kwa nini maandalizi hayapendwi. Kwa wiki mbili hivi hufanya mahali paonekane pabaya zaidi, na mtu anayeongozwa na aibu hawezi kuvumilia kuonekana vibaya, hata kwa faida yake mwenyewe.

Mwalimu mmoja mstaafu, naye mteja wetu, alikuwa akinyunyiza chokaa kila mwaka kwa sababu baba yake alifanya hivyo. Alilelewa upande wa mashariki wa jimbo, ambako udongo una tindikali. Akahamia Columbus, ambako udongo ulitokana na mawe ya chokaa yaliyosagwa na barafu za kale. Mwenye kampuni alimshawishi achukue sampuli kutoka sehemu kadhaa za uwanja, azichanganye na kuzipeleka zikapimwe. Majibu yakaonyesha kwamba udongo wake umeshapita kiwango cha pH 7, wakati nyasi zile hupenda kati ya 6 na 7. Kwa miaka yote ile alikuwa akilipa ili kuharibu. Ushauri wa namna hiyo upo karibu na kila Mmarekani, kupitia huduma ya ugani iliyowekwa na sheria ya mwaka 1914 ili vyuo vikuu vya kilimo viwafikishie wananchi maarifa yao. Sisi tungesema wana bwana shamba wa wilaya, anayeshughulika na mahindi na pia na nyasi za uani. Lakini bwana shamba hamfuati mtu asiyemwita, na mwenye aibu hapendi kuuliza. Huangalia jirani ananunua nini, naye ananunua hicho hicho.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja, Mmeksiko aliyeizoea kazi ile kuliko sisi sote, alinionya nisitazame picha iliyo mbele ya mfuko wa mbegu. Alikuwa akiugeuza nyuma. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1939 inalazimisha kibandiko kinachoeleza mna aina gani za mbegu na kwa asilimia ngapi, zinaota kwa kiwango gani, zilipimwa lini, na mna mbegu kiasi gani za magugu. Mifuko miwili inaweza kuwa na picha moja ya uwanja wa kijani huku mmoja umejaa aina za bei rahisi ambazo hazidumu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sehemu kubwa ya mbegu hizo hukuzwa katika bonde la Willamette, Oregon, mwendo wa siku kadhaa kwa gari. Nilijua pia kwa nini watu wanaojua huchanganya. Raigrasi huota ndani ya wiki moja na kushikilia udongo. Feskyu huchukua wiki moja hadi mbili, nayo huvumilia ukame kwa mizizi yake mirefu. Blugrasi inaweza kukaa wiki tatu bila kuonekana, lakini baadaye hutambaa chini kwa chini na kuziba mapengo yenyewe. Anayetaka majibu ya haraka hununua raigrasi tupu, na mara nyingi hulipia tena.

Dukani mifuko hiyo hupangwa karibu na ile ya dawa ya kuzuia magugu kuota. Niliwahi kumwona mteja aliyemwaga vyote viwili kwa siku moja. Dawa ile haiwezi kutofautisha mbegu uliyoinunua na mbegu ya gugu, inazizuia zote. Uwanja wake ulibaki msafi kabisa, bila gugu na bila nyasi.

Somo la maji nililipata kwa mzee mmoja aliyezaliwa kwenye bonde la Mto Juba. Columbus ina jamii kubwa ya watu waliotoka Somalia, na wengi wao wanaongea Kiswahili kwa sababu walipitia kambi za Kenya. Yeye alikuwa miongoni mwa Wasomali wenye asili ya Kibantu, waliohamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma na hatimaye Marekani. Alikuwa amenunua nyumba pamoja na wanawe, na wanawe ndio waliotuita. Nyuma ya nyumba alilima mahindi na sukuma wiki; mbele aliwaachia vijana nyasi zao.

Tulimwaga mbegu kwa mashine ya kusukuma, nusu tukienda kaskazini na kusini, nusu mashariki na magharibi, ili pasibaki mstari mtupu. Kwa feskyu kwenye ardhi tupu tulikadiria gramu 30 hadi 40 kwa kila mita ya mraba, na karibu nusu ya hapo palipo na nyasi tayari. Tukapitisha reki kwa wepesi. Mzee akasimama pembeni akitutazama, kisha akavua viatu na kuanza kukanyaga mbegu kwa hatua fupi fupi, safu kwa safu.

"Mwanangu, mbegu isipokumbatiwa na udongo ni chakula cha ndege," akaniambia.

Ndilo neno lile lile ambalo mwenye kampuni alikuwa akitueleza, ila yeye alitumia rola ya chuma. Siku zilizofuata mzee alimwagilia mwenyewe, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, kiasi cha kulowesha juu tu. Nyasi zilipofika urefu wa kidole akaanza kupunguza mara na kuongeza wingi, maji yazame, mizizi iyafuate. Hakuna aliyemwelekeza. Mtaa huo huo, familia nyingine ilimwagilia vizuri kwa siku nne, ikaenda kwa ndugu mwisho wa wiki. Mbegu zilikuwa zimeshavimba na kupasuka. Jua la siku mbili likazikausha, na mbegu iliyokwisha kuanza kuota haina pa kurudi. Familia ile ilikuwa na mpira wa maji mrefu zaidi na chombo cha kurushia maji. Ilichokosa ni mtu wa kuwepo.

Oktoba ilikuwa mwezi wa mtihani wa mwisho. Majani ya miti huanguka kwa wingi, nayo yakilala juu ya miche kwa siku chache huizibia mwanga na kuioza. Tulizoa kwa reki nyepesi, bila kuvuta kwa nguvu, kwa sababu miche ile ilikuwa bado inang'oka kirahisi. Tuliikata kwa mara ya kwanza ilipopita sentimita nane hivi, kwa kisu kilichonolewa, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Na palipokuwa na kivuli kizito cha mti mkubwa, mwenye kampuni alikataa kupanda. Aliwaambia wateja waziwazi kwamba hapo watanunua mbegu kila mwaka mpaka wazeeke, akawashauri waweke magome ya miti au mimea ipendayo kivuli. Baadhi waliondoka wakaenda kwa kampuni nyingine, na kampuni hiyo ikawauzia mbegu kila mwaka.

Nimejiuliza mara nyingi aibu hii ilitoka wapi, maana haikuanguka kutoka mbinguni. Mashine ya kukatia nyasi ilipata hataza Uingereza mwaka 1830, na kabla yake uwanja laini ulikuwa wa matajiri wenye watumishi wa kufyeka au kondoo wa kulisha. Kule Levittown, mtaa uliojengwa kuanzia 1947 karibu na New York kwa ajili ya familia za kipato cha kawaida, kukata nyasi kila wiki kuliwekwa kuwa wajibu wa mkazi. Hata klova, mmea mdogo wa maua meupe, zamani ulichanganywa kwa makusudi katika mbegu za bustani kwa sababu hurutubisha udongo kwa naitrojeni ya hewani. Katika miaka ya 1940 ikaingia sokoni dawa ya 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Iliua klova pia, na baada ya muda klova ikahesabiwa miongoni mwa magugu. Mwaka 2005 watafiti walioongozwa na Cristina Milesi, wakitumia picha za satelaiti, walikadiria kwamba nyasi za mapambo nchini Marekani zinafunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000. Hilo ni eneo karibu sawa na nchi ya Tunisia.

Aibu ya ukubwa huo ina gharama hata kwa asiye na bustani. Agosti 2014 nilikuwa Ohio wakati wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake walipoambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu mwani wenye sumu ulikuwa umetanda katika Ziwa Erie. Fosforasi iliyoulisha mwani ule ilitoka zaidi mashambani, si uani kwa watu. Hata hivyo bosi wetu aliacha kuweka mbolea ya kupandia yenye fosforasi mahali ambapo kipimo cha udongo hakikuonyesha upungufu. Jimbo la Minnesota lilikuwa limeshaweka kizuizi cha namna hiyo kisheria miaka kadhaa nyuma. Wateja wachache walilalamika. Nyasi zao hazikubadilika.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu kwa vipande, simu baada ya simu, na tukaandika pamoja jibu la barua ile. Tulitaja tarehe: udongo kupimwa Agosti, ardhi kutobolewa mwisho wa mwezi, mbegu wiki ya kwanza ya Septemba, ukaguzi mwisho wa Oktoba. Tukaeleza kwamba chini ya mti wa mbele hapatapandwa nyasi. Chama kilikubali. Nadhani kilichokisaidia kukubali ni tarehe zile, kwa sababu ombi la muda lisilo na ratiba husomeka kama kisingizio.

Alipoulizia fedha, nilimpa mpangilio ambao mwenye kampuni alikuwa akiwapa watu wasio na uwezo mkubwa. Kwanza kipimo cha udongo, maana ndicho cha bei ndogo kuliko vyote na huzuia hasara nyingine. Pili kukodi mashine ya kutoboa ardhi kwa nusu siku, ikiwezekana kwa kuchangiana na jirani. Tatu mbegu nzuri, kidogo, iliyosomwa kibandiko. Mbolea iwe ya mwisho, na iwe ile tu ambayo kipimo kimeidai. Kama fedha zitaishia kwenye hatua ya pili, aache hapo na asubiri Septemba nyingine, kwa sababu udongo uliofunguliwa mwaka huu utapokea mbegu mwakani, lakini mbegu iliyomwagwa juu ya sakafu ngumu haimsubiri mtu.

Akaniuliza atawaambia nini majirani watakaopita na kuuona uwanja umejaa vipande vya udongo na mapengo. Nikamwambia awasalimie, na wakimuuliza awaonyeshe kibandiko cha mbegu na majibu ya udongo. Karibu wote wana uwanja uliojengwa juu ya mfinyanzi ule ule, na karibu wote walipanda Aprili.